Niulizie kwa Jina Lako

Swali la kwanza ambalo Janeffer alinituma nimuulizie lilikuwa la kujamba.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kupasuliwa, katika hospitali moja ya kibinafsi huko Nairobi. Vitanda vyetu vilikaribiana kiasi kwamba tungeweza kushikana mikono. Kila mmoja wetu alikuwa na matundu matano tumboni yaliyofunikwa kwa plasta. Huko ndani daktari alikuwa ametoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kutubakishia kipande chembamba, mfano wa ndizi. Ndiyo operesheni ya kupunguza uzito. Mimi niliingia na kilo mia moja ishirini na nane, pamoja na kisukari. Yeye aliingia na kilo mia moja thelathini na moja, na magoti ambayo hayakumruhusu tena kupanda kutoka mtoni hadi nyumbani kwake.

Muuguzi wetu, Sista Wilkista, alisimama katikati ya vitanda asubuhi hiyo akasema, "Mama zangu, ulizeni chochote. Hapa hakuna swali la aibu." Akangoja. Janeffer akatazama dari. Muuguzi alipohamia kitanda kingine, nikasikia sauti ndogo kando yangu.

"Mama Sagini."

"Naam."

"Muulize Sista. Hii hewa inatoka huku chini, inanuka mpaka naogopa kufunua blanketi. Ni kawaida?"

"Si umuulize mwenyewe? Amesimama pale tu."

"Siwezi. Niulizie wewe. Sema ni yako."

Nilicheka mpaka plasta zikanivuta. Kisha nikaita kwa sauti ya sokoni, "Sista! Mbona najamba kama punda aliyekula maharagwe?" Wodi nzima ikacheka. Sista Wilkista hakucheka. Alikuja akanieleza vizuri kwamba wakati wa operesheni tumbo hujazwa hewa, kwamba hata maziwa ya unga tuliyokuwa tukinywa huleta gesi, kwamba dawa yake ni kutembea kwenye korido, na kwamba harufu itapungua. Janeffer alikuwa amejifunika mpaka kwenye nyusi, lakini blanketi lilikuwa likitikisika kwa kicheko.

Urafiki wetu ulianzia hapo.

Mimi ni karani katika kiwanda cha majani chai nje kidogo ya mji wa Kericho. Wazazi wangu walitoka Nyamira kuja kuchuma majani kwenye mashamba makubwa, nikazaliwa huku na sikurudi kule. Nimefanya kazi na wanaume wa mashine na madereva wa malori kwa miaka kumi na saba, na aibu iliniisha zamani. Mume wangu alifariki miaka minane iliyopita. Mwanangu, Sagini, yuko chuoni Eldoret. Nilipoamua kupasuliwa niliwaambia watu wote, hata mlinzi wa getini.

Janeffer alikuwa mtu mwingine kabisa. Nyumbani kwao ni ng'ambo ya Litein, upande wa kuelekea Sotik, ambako yeye na mume wake, Kipkurui, wana ekari mbili za majani na ng'ombe wanne wa maziwa. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Harusi haikufanyika pale kijijini bila yeye kusimamia sufuria. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Chemutai, wa miaka kumi na sita, na baada yake hawakujaliwa tena ingawa walitamani sana. Kwa majirani na kwa mama mkwe wake alisema anaenda kutolewa mawe kwenye nyongo. Kipkurui peke yake ndiye aliyejua ukweli.

"Mama mkwe akijua nimeenda kukatwa ili nikonde, atasema nimekataa baraka," aliniambia siku tulipotoka hospitalini. "Na watu wa kanisa watasema ni maringo. Heri mawe."

"Na ukipata shida?"

"Nitakupigia."

Akanipigia. Simu yake ilikuwa ikija karibu saa nne asubuhi, Chemutai akiwa shule na Kipkurui amepeleka majani kwenye kituo cha kupimia. Kabla ya salamu alikuwa akiuliza, "Uko peke yako?" Nami nilikuwa nikitoka nje ya ofisi, nasimama karibu na rundo la kuni za boila, nasikiliza.

Mara ya kwanza ilikuwa kwamba hajaenda choo siku sita, na alikuwa akiogopa kujikaza asije akapasua mshono. Nikampigia Sista Wilkista, nikasema sijaenda choo siku sita. Akanipa dawa ya kununua na kipimo cha maji ya kunywa. Nikampelekea Janeffer jibu. Siku mbili baadaye akanitumia ujumbe wa neno moja: "Haleluya."

Kisha ikawa mkojo unaotoka kidogo akikohoa. Kisha ngozi ya tumbo, iliyoanza kulegea na kujikunja, na chini ya mkunjo ikachubuka na kutoa harufu, hata akaacha kukaa karibu na watu kwenye benchi la kanisa. Nikamuuliza Sista kana kwamba ni yangu. Kisha siku moja Janeffer alipiga simu akiwa zizini, nikasikia ng'ombe akilia nyuma yake.

"Mama Sagini, mambo ya chumbani, mtu anangoja wiki ngapi?"

"Kipkurui anasumbua?"

"Hasumbui. Mimi ndio nauliza."

Nilipompelekea Sista Wilkista swali hilo, akakohoa kidogo. "Mama Sagini, faili yako hapa inasema wewe ni mjane."

"Mjane si maiti, Sista."

Hapo naye alicheka. Akaniambia ningoje wiki nne au mpaka maumivu yaishe, lakini akanionya sana juu ya mimba. Mwili ukipungua, alisema, mwanamke ambaye hakushika mimba kwa miaka mingi anaweza kushika ghafla, na si vizuri kabla ya mwaka na nusu kupita. Nikamweleza Janeffer yote. Akauliza, "Amesema kweli mtu anaweza kushika?" Nikasema amesema. Akasema asante, akakata simu.

Nilifurahia kazi ile. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jioni nilikuwa narudi nyumbani nikijihisi nimemsaidia mtu. Nilikuwa nimepungua kilo kumi na nne na sukari ilikuwa imeshuka, na kule mbali kulikuwa na mwanamke ambaye hangeweza kumwambia mtu mwingine yeyote siri zake ila mimi.

Kliniki ya mwezi wa kwanza tulienda wote wawili. Mwezi wa pili nilienda peke yangu. Janeffer alikuwa amenipigia siku iliyotangulia na kusema majani yamekuwa mengi, wachumaji hawatoshi, hawezi kuondoka. Nikasikia sauti yake imepungua nguvu. Nikadhani ni uchovu wa kuchuma.

"Mwenzako yuko wapi?" Sista Wilkista aliniuliza, akinitoa damu ya vipimo.

"Ni msimu wa majani, Sista. Yuko salama kabisa."

Hivyo ndivyo Janeffer alivyoniomba niseme.

Mambo ambayo sikuyajua niliyajua baadaye, kutoka kwa Chemutai na kutoka kwa Janeffer mwenyewe kwa vipande vipande. Wiki ya tano kulikuwa na koito kwa binamu yake, ile sherehe ambayo jamaa za kijana na za msichana huketi pamoja kukubaliana juu ya ndoa. Wakati huo sisi bado tulikuwa tunaruhusiwa vyakula laini tu, vijiko vichache, vilivyopondwa. Lakini Janeffer ndiye aliyesimamia sufuria, na wanawake walikuwa wakimwangalia. Mmoja akasema, "Tangu utolewe mawe unakula kama ndege." Akachukua sahani. Akala ugali na nyama ya mbuzi, tonge nne au tano, mbele ya watu. Kisha akaenda nyuma ya zizi na kutapika mpaka akaona nyota.

Tangu siku hiyo kutapika hakukuisha. Mwanzoni ni chakula, halafu uji, halafu hata maji. Vidonge vya vitamini alivyopaswa kumeza kila asubuhi vilirudi vikiwa vizima, akaviacha. Na hakuniambia. Aliweza kuniambia habari za ushuzi, na za mkojo, na za kitanda chake na mume wake, lakini hili hakuweza, kwa sababu hili aliliona ni kosa lake. Alijua Sista angeuliza: umekula nini? Aliona anaadhibiwa kwa zile tonge tano, na akaamua kuvumilia adhabu mpaka iishe.

Kilo zikashuka haraka kuliko zangu. Watu wa kanisa wakamsifu.

Ilikuwa Jumanne, wiki ya tisa. Nilikuwa nimesimama pale pale karibu na kuni.

"Uko peke yako?"

"Niko."

"Niulizie Sista. Miguu ikifa ganzi ni kawaida? Imeanzia vidole, sasa imefika kwenye vifundo vya miguu. Na usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa. Nikisimama sioni kama ni miguu yangu."

"Umeumia mahali?"

"Hapana. Niulizie tu. Sema ni yako."

Nikampigia Sista Wilkista wakati wa chakula cha mchana. Nikasema miguu yangu inakufa ganzi na nyayo zinawaka. Mazungumzo hayo nayajua neno kwa neno.

"Unatapika?"

"Sitapiki."

"Hata mara moja kwa wiki?"

"Hapana, Sista."

"Vidonge unameza?"

"Kila asubuhi, baada ya uji."

"Macho je? Unaona vizuri? Hupepesuki ukitembea?"

"Niko sawa."

Nikasikia akifungua karatasi. "Vipimo vyako vya damu vya juzi viko vizuri, hata vitamini. Na una historia ya kisukari, inaweza kuwa ni hiyo. Au ni kukaa kwenye kiti siku nzima. Tembea zaidi, tuone. Ikiendelea wiki moja, uje."

Kila jibu nililompa lilikuwa la kweli. Sikutapika. Nilimeza vidonge. Niliona vizuri. Nilijibu habari za mwili wangu kuhusu miguu ya mtu mwingine.

Nikampigia Janeffer. "Sista anasema si jambo kubwa. Tembea zaidi."

"Nitembee?"

"Ndiyo. Ikiendelea wiki moja, uende."

Nilimpelekea jibu, sikumpelekea maswali. Kama ningesema tu, "Ameuliza kama unatapika," pengine angenyamaza, na mimi ningesikia ule unyamavu. Lakini kengele ya kurudi kazini ilikuwa imelia na kulikuwa na lori mbili zinangoja kupimwa.

Kwa hiyo akatembea. Chemutai aliniambia mama yake alitembea kila asubuhi kati ya mistari ya majani, akishika vichwa vya michai kwa mikono miwili ili asianguke. Siku ya tatu alianguka. Akamwambia Kipkurui ameteleza kwenye matope. Siku ya nne alianguka tena, mahali pakavu.

Jumapili hiyo mchana simu iliingia kutoka namba ya Janeffer, lakini aliyesema alikuwa mwanamume.

"Mama Sagini? Hapa ni Kipkurui. Pole kwa kukusumbua. Nimeona huyu mama wa Chemutai anakupigia sana, nikasema labda wewe unajua."

"Najua nini, baba? Kuna nini?"

"Anaona ng'ombe wawili mahali kuna mmoja. Anatembea kama mlevi na hajaonja kitu. Leo asubuhi ameniuliza kama mama yake amefika. Mama yake tulizika mwaka wa elfu mbili na kumi na moja."

Walikuwa kwenye kliniki ndogo sokoni. Tangu asubuhi alikuwa ametundikiwa maji ya sukari, chupa ya pili, kwa sababu hakuweza kula. Watu wa kliniki hawakuwa na kosa. Janeffer mwenyewe, alipokuwa bado anaweza kujieleza, alikuwa amewaambia ana vidonda vya tumbo. Kipkurui naye alikuwa amekwenda kumtafuta mtu wa gari, na aliporudi chupa ilikuwa imeshaning'inia.

Nikampigia Sista Wilkista.

"Sista, lile swali la miguu halikuwa langu."

"Lilikuwa la nani?"

"La Janeffer."

"Na yale mengine?"

"Karibu yote."

"Anatapika?"

"Sijui. Sikumuuliza."

Hakunigombeza. Sauti yake ikawa kavu na ya haraka. Alisema nimpigie mume sasa hivi, amwambie daktari yeyote aliye karibu kwamba huyu mama alikatwa mfuko wa chakula miezi miwili iliyopita, na anahitaji vitamini B1 kwa mshipa, nyingi, bila kungoja vipimo, na maji ya sukari yasimamishwe mpaka aipate. "Mwili ukikosa hiyo vitamini, mishipa na ubongo vinaumia," alisema. "Na sukari inamaliza ile kidogo iliyobaki. Mpigie. Halafu nipe namba yake, nizungumze naye mwenyewe."

Kliniki haikuwa na dawa hiyo ya sindano. Kipkurui akampakia mke wake kwenye pikapu ya jirani ya kubebea maziwa na kumpeleka hospitali kubwa. Alipata sindano ya kwanza saa kumi na moja jioni. Sista Wilkista alikuwa amezungumza na madaktari wa huko kabla gari halijafika.

Macho yalirudi ndani ya siku tatu. Hakuona tena vitu viwili viwili. Tulifurahi, tukadhani na mengine yatafuata. Miguu ilirudi nusu; mpaka leo anatembea na fimbo ya chuma ya miguu minne. Kichwa hakikurudi. Mambo ya zamani anayajua yote, nyimbo za shule, majina ya ng'ombe wa baba yake, siku aliyomzaa Chemutai. Lakini jambo jipya halikai. Unamweleza kitu, anakielewa, anajibu kwa akili kabisa, na baada ya nusu saa hakipo.

Nilipoenda kliniki ya mwezi wa tatu, Sista Wilkista alifunga mlango. Nilidhani sasa atasema. Alikaa, akavua miwani.

"Nilijua baadhi ya maswali si yako," alisema. "Lile la mjane. Nikadhani unaulizia majirani, nikaona heri waulize hivyo kuliko wasiulize. Nilipaswa kukuuliza ni nani."

"Kosa ni langu, Sista."

"Hayo hatutayamaliza leo. Panda kwenye mizani."

Nilikuwa nimepungua kilo ishirini na tatu.

Kipkurui alikuwa bado hajui. Alijua tulikuwa tunapigiana simu, lakini hakujua lile swali la Jumanne. Nilimaliza wiki mbili nikijiambia kwamba kumwambia hakutamsaidia mtu. Kisha Jumamosi moja nikaenda. Janeffer alikuwa amelala ndani, mama mkwe wake amekaa naye. Kipkurui nilimkuta akikata majani ya ng'ombe kwa panga, mtu mrefu, mpole, ambaye hukutazama miguuni anapozungumza. Nikamweleza nikiwa nimesimama, yote, tangu kujamba mpaka miguu. Hakuacha kukata mpaka nilipofika kwenye neno "tembea."

Akaweka panga chini.

"Alikuwa anaanguka kwa sababu ulimwambia atembee?"

"Ndiyo, baba."

Akageukia michai. Nilitamani anitukane. Badala yake akasema, "Mimi nilimsikia akitapika."

Nikainua macho kumtazama.

"Karibu kila asubuhi. Nyuma ya zizi, anadhani niko na maziwa. Nilimsikia." Akapangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Nilidhani ni mtoto. Miaka kumi na sita, Mama Sagini. Nikasema moyoni, Mungu amekumbuka. Sikumuuliza kwa sababu kwetu mwanamume haulizi jambo kama hilo. Unangoja mwenyewe aseme. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimeanza hata kufikiria jina."

Akainama, akaokota panga, lakini hakukata. Alilishika tu.

"Wewe ulikuwa Kericho," akasema. "Mimi nilikuwa kitanda kimoja na yeye."

Ng'ombe walikuja kwenye ua wakanyoosha shingo kudai majani yao, na mwishowe mimi ndiye niliyewapa.

Baada ya hapo nikaanza kwenda mara moja kwa mwezi, Jumamosi. Napeleka maparachichi laini, na vidonge, ambavyo Chemutai humpa mama yake mkononi na kumtazama akimeza. Mara ya kwanza Janeffer aliponitambua alifurahi sana. Ananikumbuka, kwa sababu wodini ni kabla ya ugonjwa. Tulikaa kivulini kwa nyumba, nikamwambia. Nilitaka alisikie kutoka kwangu. Nilimweleza kwamba aliniuliza swali la miguu, na nikauliza vibaya, na nikamletea jibu ambalo halikuwa lake.

Alilia. Kisha akanishika mkono akasema, "Mimi ndio nilikutuma. Ulikuwa unanisaidia. Usijibebeshe." Nilirudi Kericho nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa miezi.

Mwezi uliofuata hakuwa na habari. Aliniuliza kwa nini natazama fimbo yake hivyo. Nikamwambia tena, tangu mwanzo. Akalia tena, akanisamehe tena, karibu kwa maneno yale yale. Mwezi wa tatu ikawa hivyo pia. Nikawa nafikiri ni mzigo wangu huo, kuungama upya kila mara. Niliuona hata ni haki.

Siku hiyo ya tatu, Chemutai alinisindikiza mpaka barabarani. Ni msichana anayefanana na baba yake, hasemi haraka. Alikuwa ameacha shule kwa muda ili kumtunza mama yake, na vitabu alikuwa akisomea jikoni.

"Anti," akasema, "naomba usimwambie tena."

"Nisimwambie nini?"

"Ile habari. Ukiondoka anasahau maneno, lakini kulia hakusahau. Anakaa analia mpaka jioni. Namuuliza, Mama, unalia nini? Anasema hajui. Anasema kuna jambo baya limetokea lakini hakumbuki ni nani amekufa." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mwezi uliopita alipanga viti nje, akitaka kupokea watu wa matanga."

Nilimshika bega, naye akakubali kwa adabu, kisha akarudi ndani kuwasha moto.

Nilienda tena mwezi wa nne. Kulikuwa na mawingu upande wa Sotik. Janeffer alikuwa amekaa nje na kitambaa kipya kichwani, amekonda, mzuri, gauni limemzidi mabegani. Aliniita jina langu kutoka mbali. Tulizungumza juu ya nyanya zilizopanda bei, na mchungaji mpya, na yule mgonjwa wa wodini aliyekuwa akikoroma. Aliomba tutembee kidogo. Tulienda mpaka kwenye ua na kurudi, yeye na fimbo yake, mimi nimeshika kiwiko chake, na hakuanguka.

Tulipokaa, alinitazama kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Mama Sagini, kuna kitu ulitaka kuniambia?"

Kipkurui alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Akasimama.

"Hapana," nikasema. "Nimekuja tu kukusalimia."

"Basi usiende sasa," akasema Janeffer. "Mvua inakuja. Kaa mpaka ipite."

Nikakaa.